Wajibu wa Muuzaji Usiishie Kwenye Mita: Barua ya Wazi kwa EWURA kutoka Nyasura

Mwenyekiti wa Bodi na Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

Nakala: Waziri wa Nishati, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC).

YAH: OMBI LA KUMPA MUUZAJI WA UMEME WAJIBU WA KUPUNGUZA UPOTEVU WA NISHATI MAJUMBANI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kata ya Nyasura, Halmashauri ya Mji wa Bunda, mkoani Mara. Nina ombi moja, nalo naliweka mwanzoni ili lisipotee katikati ya maelezo. Naomba EWURA, kwa mamlaka mliyo nayo juu ya leseni na bei, iweke sharti kwamba anayeuza umeme kwa wananchi awe pia na lengo la kila mwaka la kuzisaidia kaya kutumia umeme kidogo zaidi kwa kazi ileile. Lengo hilo lipimwe, litangazwe, na lianze na kaya zenye kipato kidogo.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa kufikia hapa. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na sasa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uko kwenye vitongoji. Bwawa la Rufiji, lenye jina la Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, majirani zetu, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mwaka 2024, na leo mgao ule wa mwishoni mwa 2023 tunausimulia kama jambo lililopita. Haya nayatamka kwa shukrani. Lakini kazi hii yote imepimwa kwa nguzo zilizosimama, mita zilizofungwa na uniti zilizouzwa. Umeme ukishapita kwenye mita na kuingia ndani, hakuna anayewajibika tena. Hapo kaya hubaki na balbu iliyopatikana dukani, friji kuukuu lililonunuliwa kwa mtu, nyaya zilizopitishwa na fundi wa mtaani, na umeme wa kununua mapema, LUKU, unaoisha kabla ya mwezi.

Naomba tuingie kwenye hesabu, kwa sababu kilio cha wananchi kuhusu LUKU mara nyingi huishia kwenye manung'uniko, na manung'uniko hayawasaidii ninyi kufanya uamuzi.

Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa majumbani, yaani D1, ananunua uniti kwa shilingi 100 ilimradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika shilingi 122. Akizidi 75, zile za juu anauziwa kwa shilingi 350 kabla ya kodi na tozo. Akizoea kuzidi anahamishiwa kundi la bei la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292, na kwa kodi na tozo inafika 356. Kwa hiyo uniti ya 75 ni mpaka mkubwa katika maisha ya kaya. Upande huu elfu moja inakupa uniti 8 na kidogo, upande ule elfu ileile haifikishi uniti 3.

Sasa chukueni kaya yenye balbu nne za zamani za wati 60, zile za mwanga wa njano zinazounguza mkono ukizigusa. Zikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku, zinakula uniti 36 kwa mwezi. Televisheni, redio na kuchaji simu tuseme uniti 15. Jumla ni 51, na kaya hii iko salama ndani ya D1. Kisha mama wa nyumba hii anaitikia wito wa Serikali. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na TANESCO wenyewe wamekuwa wakituhimiza tupike kwa umeme. Mama ananunua presha kuka ya umeme, maana maharage na makande ndivyo vinavyomaliza mkaa. Tuseme mapishi yake yote yanatumia uniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Jumla sasa ni uniti 96. Amevuka mpaka. Akihamishiwa T1, mwezi wake unagharimu zaidi ya shilingi 34,000, wakati alikuwa akilipa kama 6,200. Atafanya nini? Ataiweka presha kuka juu ya kabati na kurudi kwenye mkaa wa sado.

Turudie hesabu hiyo kwa badiliko moja tu. Balbu nne za njano zitolewe, ziwekwe taa nne za LED za wati 9 zenye mwanga unaokaribiana. Taa zote sasa zinakula uniti 5 na nusu kwa mwezi badala ya 36. Pamoja na televisheni, simu na mapishi yote, kaya inafika uniti 66. Imebaki D1, inapika kwa umeme, na bili haizidi shilingi 8,100. Taa nne ndizo zimeamua kama mkakati wa Taifa utaingia katika jiko hili au utaishia kwenye mabango. Hakuna mtu aliyemweleza mama huyo habari hiyo, na si kosa lake kutoijua. Anayeijua ni yule aliye na kumbukumbu za manunuzi yake ya kila mwezi.

Kuna kundi jingine ambalo naomba mlitazame kwa jicho la pekee, nalo ni wapangaji. Bunda ni mji wa barabarani, kati ya Mwanza na Musoma. Watu wanakuja kufanya biashara, kufundisha, kusoma, kushona, kuuza dagaa, na wengi wanaishi kwenye nyumba za vyumba vya kupanga zenye mita moja. Chukueni nyumba ya wapangaji 6, kila mmoja akitumia uniti 20 kwa mwezi: taa, simu, redio, pasi ya shati la kazini. Kila mmoja ni mtumiaji mdogo kabisa. Lakini mita inaona uniti 120, na mita haiwajui watu. Nyumba nzima inalipa bei ya T1. Mpangaji anayetumia uniti 20 anachanga shilingi 7,120, wakati angekuwa na mita yake angelipa 2,440. Mwenye nyumba yake na mita yake, akitumia uniti 70 peke yake, analipa 122 kwa uniti. Bei iliyotungwa kumlinda mnyonge inampita mlangoni kwa sababu ya idadi ya mita. Naamini hakuna aliyekusudia hivyo, ndiyo maana naleta jambo hili kwenu ninyi mnaoweza kulirekebisha.

Mtauliza: kwa nini muuzaji wa umeme ahangaike na taa za ndani kwa watu? Kwa sababu akiachwa afuate hesabu za mauzo peke yake, hatahangaika. Meneja anayepimwa kwa uniti alizouza hawezi kutumwa kwa moyo mmoja kuwafundisha wateja kununua chache. Hilo si suala la ubaya wa mtu, ni suala la kipimo alichopewa. Ndiyo maana sharti lazima litoke kwa mdhibiti.

Na sharti hili halimwonei TANESCO. Uniti ya D1 inauzwa kwa bei ya nafuu inayobebwa na wateja wengine na Shirika lenyewe. Kila uniti inayopotea kwenye balbu ya njano ya mteja wa D1 ni ruzuku iliyogeuka joto la dari. Zaidi ya hapo, taa za majumbani huwaka zote kwa pamoja, saa 1 hadi saa 4 usiku, wakati ambapo transfoma ya mtaa inalemewa, taa zinafifia na friji linaungua. Kupunguza mzigo wa saa hizo ni kurefusha maisha ya transfoma na kuahirisha gharama ya kubadilisha nyaya.

Wapo watakaosema kwamba sasa tuna umeme mwingi, kubana matumizi kulikuwa kwa wakati wa ukame. Naheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Umeme wa Rufiji hauzaliwi Bunda. Unasafiri nchi nzima kuja huku, na njiani sehemu yake inapotea. Machi 2025, akiwa Same mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza wazi kwamba upotevu wa safarini ni sababu mojawapo ya kufikiria kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sisi wa Mara nasi tuko mbali na mitambo. Uniti moja iliyookolewa Nyasura ni zaidi ya uniti moja iliyozalishwa Rufiji. Tena, lengo la kupunguza upotevu si kuwanyima watu umeme. Tunataka uniti ilizonazo kaya zifanye kazi kubwa zaidi: zitoke kwenye balbu ziingie kwenye chungu.

Jambo hili si geni duniani. Uingereza ilianza 1994, pale makampuni ya umeme ya mikoa yalipotakiwa kutumia pauni 1 kwa kila mteja katika kupunguza matumizi majumbani. Mipango iliyofuata ikazidi kuwa mikubwa. Brazil ina sheria ya mwaka 2000 ambayo imewalazimu wasambazaji kutenga nusu ya asilimia moja ya mapato yao kwa matumizi bora ya umeme. Kwa fedha hizo familia maskini zimebadilishiwa taa na friji kuukuu. Ghana, wakati wa uhaba wa 2007, iligawa balbu milioni 6 zinazotumia umeme kidogo kwa kubadilishana na zile za zamani, na mzigo wa jioni ukapungua kwa zaidi ya megawati 120. Kisha ikazuia balbu za njano kuingia nchini, na tangu 2013 ikazuia friji za mtumba. Majirani zetu wa Uganda, baada ya kina cha Ziwa Victoria, ziwa hili hili letu, kushuka na mitambo ya umeme ya Jinja kudhoofika, waligawa balbu zipatazo 800,000 mwaka 2007 kwa utaratibu huohuo wa leta ya zamani uchukue mpya. Na tangu 2022 Uganda ina bei maalumu ya kupikia: mteja wa majumbani akivuka uniti 80 hadi 150, bei ya uniti hizo inashuka. Kwetu akivuka 75, inapanda. Nchi mbili zinataka wananchi waache mkaa, na moja imewafungulia njia kwenye bei.

Lakini nisiwaletee sifa tupu za wenzetu, maana wameteleza pia, na kuteleza kwao ni mali kwetu tukitaka kujifunza. Uingereza kuna wakati makampuni yalitimiza malengo kwa kuwatumia watu mamilioni ya balbu kwa posta bila wao kuziomba. Zikahesabiwa kama umeme uliookolewa hata kama zililala kwenye droo, mpaka Serikali ikakataa mtindo huo kuanzia Januari 2010. Na Oktoba 2025, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa vizuia baridi kwenye kuta za nje chini ya mipango ya karibuni zina kasoro kubwa zinazotaka kurekebishwa. Fedha zilitoka kwenye bili za wananchi, kazi ikafanywa vibaya, na waliokagua hawakuona mapema. Funzo ni hili: ukilipa kwa idadi ya vitu vilivyogawiwa, utapata vitu vilivyogawiwa. Lipa kwa upungufu unaoonekana kwenye mita. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi daftari tunalo. LUKU inajua kila mteja alinunua uniti ngapi kabla na baada. Nchi nyingi zilizoanza mapema hazikuwa na kipimo rahisi kama hiki.

Funzo la pili ni kwamba tusinakili. Mzigo wa nyumba ya Uingereza ni baridi. Mzigo wa nyumba ya Nyasura ni chungu, friji na taa ya nje inayowaka mpaka asubuhi kwa ajili ya usalama. Mpango wetu uanzie hapo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

1. Katika uamuzi wenu ujao wa bei, TANESCO apewe lengo la kila mwaka la uniti zitakazookolewa majumbani, liwekwe kwenye masharti ya leseni, na matokeo yatangazwe kwa kila wilaya. Wasambazaji binafsi wenye gridi ndogo wawekewe lengo linalolingana na ukubwa wao.

2. Angalau nusu ya lengo hilo ipatikane kwa wateja wa D1 na nyumba za kupanga. Bila sharti hili, muuzaji atakimbilia mahoteli na nyumba kubwa, ambako uniti nyingi zinapatikana kwa safari moja.

3. Taa zitolewe kwa kubadilishana: balbu ya zamani iletwe, ihesabiwe, iharibiwe mbele ya watu. Taa mpya ziwe zimepimwa na Shirika la Viwango, TBS, na ziwe na dhamana. LED hafifu inayokufa baada ya miezi michache humrudisha mtu kwenye balbu ya njano akiwa na hasira ya haki.

4. Presha kuka na friji zenye ufanisi zipatikane kwa mkopo unaorejeshwa kidogo kidogo kupitia LUKU, bila riba. Mfumo unaweza: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa humo humo. Kinachoweza kukusanya kodi kinaweza kumfikishia mama jiko. Ila makato yawe na kiwango cha juu, ili mtu akinunua umeme wa elfu mbili asikute amelipa deni tupu na nyumba iko giza.

5. Kaya iliyothibitika kupikia umeme isiadhibiwe. Mpaka wa uniti 75 uongezwe kwa kaya hizo, au iwekwe bei ya kupikia kama walivyofanya Uganda.

6. Mpangaji apate mita yake kwa gharama anayoweza kuibeba. Pale isipowezekana mara moja, nyumba yenye kaya nyingi ihesabiwe kwa idadi ya kaya, kwa uthibitisho wa mwenyekiti wa mtaa.

7. Wauzaji wa gesi ya mitungi nao wawekewe wajibu wao. REA imesambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu ya bei, na hiyo ni hatua njema. Lakini mtungi wa ruzuku ukishaisha gesi, kaya inabaki na chombo kitupu. Wajibu wa muuzaji upimwe kwa mitungi inayojazwa tena, na kwa burna zisizovujisha wala kupoteza moto.

8. Ukaguzi ufanywe na mtu asiyelipwa na muuzaji, na EWURA CCC wapewe nafasi ya kusikiliza malalamiko kata kwa kata.

Kuhusu fedha, naomba isibuniwe tozo mpya. Mwananchi anayenunua LUKU tayari amebeba VAT, REA, EWURA na kodi ya majengo. Gharama za mpango ziingizwe kwenye hesabu za kawaida za Shirika, mahali palepale panapokaa gharama za nguzo na transfoma, kwa sababu kazi yake ni ileile: kumfikishia mteja mwanga na chakula kilichoiva. Brazil wameonyesha kwamba nusu ya asilimia moja ya mapato, ikitumika kwa uaminifu mwaka hadi mwaka, inafika mbali. Na pale Shirika linapoepuka kuuza uniti za ruzuku na kununua transfoma mpya, sehemu ya gharama inajirudisha yenyewe.

Waheshimiwa, Sera ya Taifa ya Nishati ya 2015 inatambua matumizi bora ya nishati. Sheria ya Umeme ya 2008 imewapa ninyi kazi ya kupitisha bei na kusimamia leseni. Kilichobaki ni kuyaunganisha haya mawili, ili matumizi bora yatoke kwenye ushauri wa vipeperushi, ambako mzigo wote anaachiwa mwananchi, yaingie kwenye wajibu wa yule mwenye takwimu, mafundi, magari na mtaji. Kumwambia mtu azime taa ni rahisi. Kumwezesha awe na taa isiyomfilisi ni kazi ya taasisi.

Kila TANESCO anapoleta maombi ya bei kwenu, mnaitisha mikutano ya taftishi ili wananchi waseme. Naomba ombi hili liwe ajenda ya taftishi ijayo, na mkutano mmoja ufanyike huku Mara, Bunda au Musoma, saa ambayo mama lishe, bodaboda na mwalimu wanaweza kufika. Tutakuja na risiti zetu za LUKU. Tutakuja pia na wenyeviti wetu wa mitaa wenye orodha ya nyumba zenye mita moja na kaya nyingi. Ninyi njooni na jibu la swali moja: mwaka ujao wa fedha, muuzaji wa umeme ataokoa uniti ngapi katika nyumba za watu wa kipato kidogo, na nani atazihesabu?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kata ya Nyasura,
Halmashauri ya Mji wa Bunda,
Mkoa wa Mara.